Mbwa Mmoja, Maradhi Mawili

Mtu akikuambia kwamba kazi zote zina heshima sawa, mwulize kwanza yeye anafanya ipi. Wambura alikuwa na cheti cha maabara kutoka Mwanza, kingine kutoka Dar es Salaam, na cha tatu chenye muhuri wa Kiswidi, na vyote vitatu vilikuwa vimeshirikiana kumfikisha mahali pamoja tu: chumba kisicho na dirisha nyuma ya kliniki moja ya wanyama karibu na Vällingby, pembeni mwa Stockholm. Humo ndimo alimokuwa akiosha vioo, akipaka sampuli rangi, na kuandika namba kwenye chupa za mikojo ya paka. Kutazama kwenye hadubini hakukuwa kazi yake. Hiyo ilikuwa kazi ya Daktari Hedenskog, mwenye kliniki, bwana mrefu, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye hajapata kumkaripia mtu yeyote wala kubadili mawazo kwa ajili ya mtu yeyote.

Mke wa Wambura, Domina, alikuwa ameshaizoea kazi hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaogesha wazee katika nyumba ya kulelea wazee kule Hässelby, walikokaa, na hakuona aibu ya kuosha kitu chochote. Waliokuwa hawajazoea ni marafiki. Kila walipokutana Waafrika Mashariki kule Fittja, iwe ubatizo, iwe maulidi, iwe kilio, Dunstan Mganda, dereva wa basi, lazima aanze: "Eh, daktari ya mbwa amefika! Leo umekamata matiti ngapi?" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wambura naye anacheka, maana kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini kwenye treni ya kurudi anahesabu vituo mpaka cha mwisho.

Basi, Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mwaka themanini na saba, Wambura yuko chumbani mwake na vioo vyake, akasikia sauti ya kike kutoka mapokezi: "Tulia, Sukari. Tulia mwanangu, hapa hakuna mla mbwa."

Kwa Kiswahili! Tena kile cha upande wa Bukoba, kisichokuwa na haraka. Wambura akatoka mbio, mipira ya mikono bado ameivaa. Alichokiona ni bibi wa Kiswidi wa miaka sabini na kitu, mfupi, kofia ya sufu imeshuka hadi nyusi, na miguuni pake mbwa jike wa rangi ya udongo, masikio makubwa, mkia umejikunja, mbwa wa sokoni kabisa. Yule binti wa mapokezi alikuwa akihangaika na fomu, kwa sababu fomu ilitaka kujua mbwa huyo ni wa kabila gani, na bibi alishamjibu mara tatu kwamba ni mbwa.

"Shikamoo mama," Wambura akasema.

"Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Musoma."

"Aa, watu wa Mara! Wakali hao." Akacheka. Akamshika mkono na hakuuachia upesi.

Jina lake Ingegerd. Alikuwa mwuguzi wa misheni upande wa Bukoba miaka thelathini na mmoja, hana mume, hana mtoto, na alipostaafu alirudi kwao na masanduku mawili na mbwa mmoja. Mbwa mwenyewe alizaliwa baada ya vita vya Kagera, wakati ambapo sukari ilikuwa inasikika redioni tu haionekani dukani, ndiyo maana akaitwa Sukari. Serikali ilimweka mbwa karantini miezi minne na ikamtoa na cheti. Sasa Sukari alikuwa na uvimbe kwenye chuchu ya kushoto ya nyuma, ukubwa wa ndimu. Ingegerd alimpapasa masikio alipokuwa akieleza. "Nikimkosa huyu," alisema, "sina tena wa kuzungumza naye."

Daktari Hedenskog akaubonyeza uvimbe, akachoma sindano, akavuta majimaji, akayapaka kwenye vioo na kumkabidhi Wambura. Akamwambia mama kwa ile sauti yake ya uji wa moto kwamba upasuaji utakuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi.

Sasa Wambura alikuwa na mazoea aliyotoka nayo Musoma. Kabla hujapaka rangi chochote, unaacha tone moja likiwa bichi, unalifunika kwa kioo kidogo, unalitazama kwa lenzi ndogo. Nani ajuaye kilichomo? Haikuwa kazi yake, tumeshasema, lakini mlango ulikuwa umefungwa na Daktari hakuwepo. Akainama. Akazungusha kirungu cha hadubini. Na pale, katikati ya seli zilizolundikana, akaona nyuzi hai. Zinajinyonga, zinajinyoosha, zinazisukuma seli huku na huku kana kwamba ziko kwenye foleni ya unga. Watoto wa minyoo!

"Mama wee!" Wambura akajikuta anacheka peke yake.

Ndugu zangu, tusimwonee. Mtu aliyekaa miaka miwili akiosha vioo vya wenzake, siku anapokutana na kitu anachokijua yeye kuliko jengo zima, atafurahi tu. Huruma kwa mbwa ilikuja baadaye. Iliyotangulia ni furaha. Mbwa wa Musoma walikuwa na minyoo hiyo kila wa pili, na Wambura aliijua aina zake mbili kama anavyowajua shangazi zake: wa kwanza hukaa moyoni na huua, wa pili hukaa chini ya ngozi na kazi yake ni usumbufu mdogo tu. Watoto wao wanafanana. Kuwatenganisha kunataka rangi maalumu, vipimo, na subira, na siku hiyo subira Wambura alikuwa ameiacha kwenye koti. Aliamua ni wa moyo, kwa sababu ugunduzi wa moyo una uzito kuliko wa ngozi. Na mbwa mwenye minyoo moyoni ukimpa nusukaputi, anaweza asiamke. Vile vioo vingine akavipaka rangi haraka haraka, akavipanga kwenye sinia, wala hakuvitazama.

Akamkimbilia Daktari. Daktari alikuwa anakunywa kahawa. Nchi ile kahawa ya saa tisa haikatizwi, hata nyumba ikiungua watu watamaliza kwanza andazi la mdalasini. Alipokuja hatimaye, tone lilikuwa limekauka na minyoo imekufa.

"Uzi wa pamba," Daktari akasema kwa upole.

"Uzi wa pamba hauogelei, Daktari. Ulikuwa unaogelea."

"Mbwa huyu ametoka karantini. Ana cheti kwamba hana maambukizi."

"Minyoo haisomi vyeti."

Daktari akatabasamu, akavuta fomu. Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja wa ugonjwa, na kwenye mstari huo alikwisha kuandika, kwa kupapasa tu, bila kungoja vioo: uvimbe wa titi. Akamwonyesha Wambura kwa kidole. Nafasi haikuwepo. Kisha, kwa kuwa yeye si mtu wa kubishana, akaitisha kikao. Wakakaa watu watano, kila mmoja akaeleza anavyojisikia kuhusu suala la minyoo, binti wa mapokezi akasema yeye anajisikia vibaya, na mwishoni wakakubaliana wote kwa pamoja kwamba Wambura amesikilizwa. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu. Alhamisi ikabaki Alhamisi.

Wambura akatoka kazini na hasira. Na pale kwenye jukwaa la treni Vällingby akamkuta Mama Ingegerd, ametoka madukani, amesimama na Sukari, wote njia moja kuelekea Hässelby. Wakakaa pamoja. Treni haijafika kituo cha pili, mdomo ukamwasha.

"Mama, Alhamisi usimlete. Huyu ana minyoo ya moyo, nimeiona kwa macho yangu. Wakimlaza kwa nusukaputi atakufia mezani. Hana saratani huyu. Ni minyoo."

Hilo la minyoo ni sawa. Lakini hilo la kwamba hana saratani nani alimwuliza? Hakuna. Liliteleza tu, kwa utamu wa kuwashinda wakubwa.

Ingegerd akapiga goti lake kwa kiganja. "Nilijua! Miaka thelathini na mmoja nilikuwa nawaambia wale madaktari vijana wanaotumwa kwetu: minyoo kwanza! Kule ukikwangua ugonjwa wowote, chini yake utakuta minyoo." Akamwinamia mbwa. "Umesikia, Sukari? Hakukati mtu." Na kesho yake asubuhi akapiga simu, akaifuta Alhamisi.

Jioni ya Jumatatu hiyo Wambura alisimulia yote mezani, anapunga kijiko. Domina alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na hizo seli ulizitazama?"

"Seli za nini tena? Nimekwambia nimeona minyoo."

"Kwani mwenye minyoo hawezi kuota uvimbe?"

"Domina, hii ni taaluma ya watu."

"Haya, mtaalamu. Mama yako alipoteleza kisimani akavunjika mguu, alikuwa na malaria, si ndiyo? Huo mguu uliunga kwa kwinini?"

Binti yao Clementina, wa miaka tisa, aliyekuwa hajainua kichwa kutoka kwenye sahani, akampa mama yake ushindi kwa Kiswidi. Wambura akamega tonge kubwa la ugali. Moyoni alisema wanawake hawa wana wivu.

Jumanne Ingegerd akamleta Sukari akidai apimwe damu, na mteja akidai, kliniki haina kikao cha kulizuia hilo. Wambura akachanganya damu na fomalini, akaizungusha kwenye mashine, akatia rangi ya buluu, akamwita Daktari, kabla ya kahawa safari hii. Daktari akainama. Akakaa pale muda mrefu. Aliponyanyuka rangi yake ya uso ilikuwa imehama.

"Ni minyoo hai hasa," alisema. "Yaani, ilikuwa hai."

"Ndiyo, Daktari."

"Hapa Stockholm sijasikia mtu aliyeona kitu hiki."

Na jamani, mtu huyu ambaye jana alikuwa haoni mnyoo, leo akawa haoni kingine. Kufika mchana alishapata kichwa cha makala. Kulikuwa na mkutano wa madaktari wa wanyama mwezi wa sita, na yeye ndiye atakayesimama mbele na picha ukutani. Akatoa amri: Sukari asiguswe. Asipewe dawa, maana minyoo itakufa kabla haijapigwa picha vizuri. Asipasuliwe, maana ana minyoo ya moyo, Wambura amesema. Aje kila Jumanne atolewe damu. Na kwenye makala, jina la Wambura litakuwa la pili, chini tu ya la Hedenskog. Ile fomu yenye mstari mmoja akaifuta na kuandika upya: minyoo. Uvimbe ukakosa pa kukaa.

Wambura akapewa hadubini yake mwenyewe, karibu na dirisha. Jumapili kule Fittja akatangaza habari ya makala, na Dunstan akabaki anatafuna. Lo, raha gani hiyo! Wiki ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili. Ingegerd kila Jumanne analeta mbwa na chupa ya chai ya maziwa, wanazungumza Kiswahili na Wambura huku damu inatoka, habari za Bukoba na senene na bei za ndizi za miaka ile. Sukari anatingisha mkia.

Jumanne, wiki tatu zilipotimia, Wambura akiwa amempakata mbwa ili amtoe damu, mkono wake ukapita chini ya tumbo. Ile ndimu ilikuwa imekuwa chungwa. Tena gumu, limeng'ang'ania, halichezi chini ya ngozi. Akamaliza kutoa damu, akamuaga mama, akafunga mlango, akaenda kwenye kabati la vioo vya zamani. Vioo vya ile Jumatatu vilikuwa pale, na rangi aliyovipaka mwenyewe.

Hakuhitaji hata dakika mbili. Seli kubwa kwa ndogo, viini vimevimba, vingine viwili viwili, zimepandana bila adabu. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeziona. Domina hajawahi kushika hadubini, naye aliziona akiwa mezani na ugali.

Alijikaza akafanya na lile alilopaswa kufanya tangu mwanzo. Akatafuta rangi maalumu, akapima urefu wa minyoo mmoja mmoja, akatazama umbo la mkia. Akarudia. Akaenda akaitoa picha ya eksirei aliyoipiga Daktari kwa ajili ya makala, akaishika dirishani: moyo mzuri, wa kawaida kabisa. Ilikuwa minyoo ya ngozi. Hapakuwa na dalili ya mnyoo wa moyo popote. Ile nusukaputi ya Alhamisi isingekuwa na hatari kuliko ya mbwa mwingine yeyote. Daktari aliyesema akatwe alikuwa sawa bila kujua, na yeye aliyezuia alikuwa amekosea huku ujuzi anao, na katikati yao wiki tatu zimekwenda.

Nataka kusema alitoka mbio hapo hapo. Hakutoka. Alikaa kwenye kiti chake cha dirishani, akawaza makala. Minyoo ya moyo Stockholm ni habari. Minyoo ya ngozi ni nusu ya habari, na nusu ya habari haina jina la pili. Alikunywa kahawa ya saa tisa na wenzake. Akala maandazi mawili, na hata ladha yake hakuisikia. Akili ikawa inamwonyesha yule mama na kofia yake, anamwambia mbwa hakukati mtu.

Akaenda kwa Daktari, akaweka kila kitu mezani: mikia, vipimo, picha, seli. "Ni vyote viwili, Daktari. Minyoo ipo lakini haina madhara makubwa. Saratani ipo na inakua. Apasuliwe kesho."

Daktari akatazama kwa huzuni ya mtu aliyenyang'anywa sahani. "Mwezi wa sita hauko mbali," alisema.

"Uvimbe hauna kalenda."

"Lakini mwenye mbwa hataki upasuaji. Ameniambia hana haja, mbwa hana saratani." Akaongeza, kwa upole uleule: "Alisema umemhakikishia wewe."

Wambura akakusanya vioo vyake. Akachukua koti.

Ingegerd alikaa ghorofa ya pili kule Hässelby, jikoni kwake kumetundikwa kalenda ya jimbo la Bukoba ya miaka mitatu iliyopita. Alimkaribisha, akaweka maji ya chai, akatoa vikombe. Wambura akakataa kukaa.

"Mama, nilikudanganya. Sikukusudia, lakini nilikudanganya. Ile siku kwenye treni nilikwambia hana saratani, na nilikuwa sijatazama. Niliona minyoo nikafurahi, nikaishia hapo. Ana saratani. Na minyoo yenyewe si ya moyo. Angekatwa ile Alhamisi angekuwa salama. Mimi ndiye niliyekuchelewesha."

Mama yule akaizima birika kabla haijachemka. Hakupaza sauti, na Wambura alitamani apaze. Akapiga magoti sakafuni, mtu wa miaka ile, akamlaza Sukari ubavu, akaupima uvimbe kwa vidole vitatu kwa namna ya mwuguzi.

"Nimekuwa naugusa kila jioni," alisema. "Najiambia ni minyoo, inatungisha usaha." Akanyanyuka kwa kushika meza. "Toka, Wambura. Nenda nyumbani kwako. Kesho tutaonana."

Kesho yake saa mbili asubuhi, kliniki inafunguliwa, Ingegerd yuko mlangoni na Sukari. Akachukua kikaratasi cha namba, akakaa. Namba yake ikaitwa, binti akamwambia hana miadi, yeye akajibu kwamba anajua, akarudi kukaa. Ikafika saa nne. Ikafika saa sita. Wenye paka wakaja wakaenda, wenye sungura wakaja wakaenda. Nchini pale kuna utaratibu wa kila kitu, lakini wa bibi mtaratibu asiyegombana, asiyelia, na asiyeondoka, huo hawajauandika. Daktari akaitisha kikao. Watu wakaeleza wanavyojisikia. Binti wa mapokezi akasema yeye safari hii anajisikia vibaya zaidi.

Wambura akaomba nafasi ya kusema. Hasira alikuwa nazo, lakini kulala kwake vibaya usiku kulimfundisha kitu kuhusu mwenye kliniki, kwa sababu kilikuwa kitu kilekile kilichokuwa ndani yake.

"Daktari," alisema, "minyoo peke yake, wengi wameandika huko kusini. Uvimbe peke yake kila mtu ameandika. Lakini vyote viwili ndani ya titi moja la mbwa mmoja? Ukiukata leo, utaupiga picha na minyoo yake ndani. Ukisubiri mwezi wa sita, huenda mbwa mwenyewe hayupo."

Uso wa Daktari ukachanua polepole. "Vyote viwili," alisema. "Kwa pamoja. Unajua, nilikuwa nawaza jambo hilo hilo."

"Najua, Daktari."

"Lakini hapo kesi inakuwa yangu ya upasuaji zaidi. Jina lako tutaliweka kwenye shukrani, mwishoni."

"Weka popote," Wambura akasema, na akashangaa kuona kwamba anamaanisha.

Sukari hakuwa amekula tangu jana yake jioni. Mwuguzi ni mwuguzi. Saa tisa, badala ya kahawa, na hilo binti wa mapokezi analisimulia hadi leo, wakamlaza mezani. Nusukaputi ikamchukua bila taabu yoyote. Daktari Hedenskog, tumpe haki yake, mikono yake ilikuwa mizuri. Akautoa uvimbe wote na nyama inayouzunguka, akatoa na tezi ya kinenani, akashona, akauchukua uvimbe wake kwenye bakuli kwenda kuupiga picha. Ile tezi akaiacha kwa Wambura. Saratani ikiwa imetembea, ingepitia hapo.

Wambura akaikata, akaigusisha kwenye vioo sita, akapaka rangi. Akaanza na lenzi ndogo. Akaenda mstari kwa mstari, kona kwa kona, kioo cha kwanza mpaka cha sita, akitafuta minyoo, akitafuta seli mbovu, akitafuta na yale ambayo hayatafuti, na hasa lile ambalo hakutaka kulikuta. Akabadili lenzi akaanza upya. Alipomaliza akapitia tena kioo cha nne, maana palikuwa na kundi la seli lililomtia wasiwasi. Halikuwa kitu.

Ingegerd alikuwa bado kwenye benchi, kikaratasi cha namba mkononi. Chumba kilikuwa kimebaki na yeye peke yake.

"Ameamka," Wambura akamwambia. "Na tezi ni safi, mama. Sisemi amepona, hilo hakuna anayejua, huenda kuna kitu mahali nisipopaona. Lakini nimetazama yote, na katika yote niliyotazama hakuna saratani. Ya minyoo tutampa dawa taratibu."

Alitegemea atafurahi, au amshike mkono. Mama akauliza jambo jingine.

"Imekuchukua muda gani kutazama?"

"Dakika arobaini hivi."

"Arobaini." Akalirudia neno hilo kwa Kiswidi, kisha tena kwa Kiswahili. Machozi yakaanza kumtoka, hayakuwa ya furaha, na Wambura akaogopa, akaketi karibu naye.

"Kulikuwa na Gaudiosa," mama akasema. "Alikuwa anatufulia mashuka hospitalini. Alikuja kwangu na uvimbe kwenye titi, wa ukubwa kama huu wa kwanza. Nikampima choo, nikakuta minyoo. Nikafurahi, Wambura, kama ulivyofurahi wewe. Nikampa dawa, nikamwambia arudi mwezi ujao. Hadubini ilikuwa palepale mezani kwangu. Sindano zilikuwepo. Hizo dakika arobaini nilikuwa nazo."

"Alirudi?"

"Alirudi. Nikampa dawa ileile." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Alikuwa na miaka thelathini na minne. Na watoto wanne. Mbwa wangu amepata nilichomnyima yule mama."

Wambura akatoa leso, akampa. Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatokea Daktari Hedenskog amening'iniza kamera shingoni, uso unang'aa, akisema makala itapendeza sana ikiwa na picha ya mwenye mbwa. Akawaomba wasogeleane kidogo na watabasamu.

"Subiri," Ingegerd akamwambia kwa Kiswahili.

Daktari hakuelewa, akapiga picha.